Kupanda kwa nusu kilo: mwongozo kamili wa kuongeza nguvu kwa visahani vidogo

Kwa miezi mitano nilikuwa nasukuma kilo 40 juu ya kichwa, na kwa miezi mitano hiyohiyo kilo 45 zilikuwa zinanikatalia. Jimu yetu ya uani hapa Kirumba, Mwanza, ina sahani za kilo 2.5, 5, 10 na 20. Ukichomeka ile ndogo kuliko zote kila upande, umeshaongeza kilo 5. Katikati hakuna kitu. Basi kila Jumatatu nafunga 45, nasukuma mara mbili, ya tatu inagoma usawa wa paji la uso, nashusha, narudi 40, naondoka nimenuna.

Kinachonichekesha sasa ni kwamba kazi yangu ni mizani. Napima dagaa kwenye soko la Mwaloni. Pale ukikosea gramu mia mbili kwenye gunia, mteja anazijua, mwenye mali anazijua, na maneno yanaanza. Lakini jioni nikivua ovaroli na kuingia jimu, nilikuwa naruka kilo tano tano kama mtu asiyejua kilo ni nini.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekwama mahali kama pale: anayepiga chuma mtaani au nyumbani, mwenye sahani chache, asiye na mwalimu, na anayetaka kuona namba ikipanda tena kwa visahani, yaani sahani ndogo za gramu 250 hadi kilo 1. Sehemu kubwa ni ya vifaa na vipimo kuliko mazoezi yenyewe. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu wengi wetu huku tunakosea hapo.

Kilo 5 hazilingani kila mahali

Anayechuchumaa na kilo 100 mgongoni akiongeza 5, ameongeza asilimia 5. Mimi wa kilo 40 juu ya kichwa nikiongeza 5, nimeongeza asilimia 12.5. Dada anayeanza na chuma kitupu (kile kirefu cha kushikia, bila sahani) cha kilo 20 akiwekewa sahani za 2.5 pande zote mbili, ameongezewa robo nzima ya mzigo. Ni sawa na kumwambia mbebaji aliyezoea gunia la kilo 80 kwamba kesho anaanza na 100. Atakutazama tu.

Mwili una sababu zake. Wiki za mwanzo nguvu inapanda haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli iliyokuwa imelala, na mkono unajifunza njia ya chuma. Baadaye kinachobaki ni misuli yenyewe kukua, na hiyo ni kazi ya wiki na miezi. Misuli ya bega na ya nyuma ya mkono ni midogo ukilinganisha na mapaja na makalio, kwa hiyo haiwezi kukupa kilo nyingi kwa mara moja. Kano zinazoshika misuli kwenye mfupa ni nzito zaidi kubadilika kuliko misuli. Mtu anayeruka hatua kubwa mara nyingi huanza kulalamika kiwiko au bega, wala si misuli.

Wanaonyanyua kwa mashindano walishaliona hili. Katika mchezo wa kunyanyua uzito wa kimataifa, ule wa Olimpiki, ongezeko la chini lilikuwa kilo 2.5 hadi 2005, lilipopunguzwa likawa kilo 1. Wale ni watu wanaopandisha juu ya kichwa mizigo inayozidi uzito wao wenyewe, na bado kilo moja wanaihesabu.

Mtu atakusimulia habari ya Milo wa Croton, yule Mgiriki anayesemwa alibeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Hadithi nzuri, ila mfugaji yeyote wa Magu atakucheka. Ndama aliyeshiba hakusubiri. Anaweza kuongeza nusu kilo na zaidi kwa siku, kila siku, Jumapili akiwemo, uwe umelala vizuri au hukulala. Faida ya chuma ni kwamba kinasubiri mpaka wewe uamue.

Hatua ya kwanza: pima ulichonacho

Usinunue chochote kwanza. Hapa ndipo nilipojifunza kuliko popote.

Nilibeba mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, nikapima sahani zote za jimu moja moja. Sahani mbili zilizoandikwa 10: moja ilikuwa 9.4, nyingine 10.6. Yaani kwa wiki kadhaa upande wa kulia nilikuwa nabeba kilo 1.2 zaidi ya kushoto bila kujua, na siku nyingine kinyume chake, kutegemea nani alizipanga. Halafu nashangaa mbona juzi 40 ilikuwa nyepesi na leo inaniua. Sahani za bei nafuu ni chuma cha kumimina, nazo hutofautiana. Zile za zege ambazo vijana humimina kwenye makopo ya rangi ndizo balaa zaidi: kopo la lita 4 likijaa zege linakaribia kilo 9 na nusu, lakini kokoto zikizidi au zege likiwa na mapovu, kila moja linatoka na uzito wake.

Sasa fikiria unataka kuongeza nusu kilo wakati sahani zako zinadanganya kwa kilo nzima. Hiyo nusu kilo imemezwa. Ndiyo maana nasema mizani itangulie visahani.

Fanya hivi. Tafuta mizani inayosoma gramu 10 au 50. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa maji: chupa sita za maji za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa zina kilo 9 za maji, na plastiki yake inaongeza kama gramu mia mbili hivi. Zifunge kwenye mfuko mmoja, uning'inize. Ikisoma 8.5 au 10, irudishe kwa mwenyewe. Njia nyingine ni kumwomba mtu wa dukani au sokoni mwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, yenye stika yao ya mwaka huu, akuachie dakika kumi asubuhi kabla wateja hawajaja. Soda moja inatosha kama shukrani.

Pima kila sahani. Andika uzito halisi kwa rangi nyeupe au kalamu ya rangi isiyofutika, upande wa nyuma, kwa gramu mia: 9.4, 10.6, 4.9, 5.1. Kisha zioanishe: zinazokaribiana ziwe mume na mke, na zisitengane tena. Ile 9.4 tuliipatia mwenzake wa 9.5 aliyekuwa amelala kwenye kona. Ile 10.6 tumeifanya kizuizi cha mlango wa jimu.

Pima na chuma chenyewe. Chuma kirefu cha jimu kubwa, mita 2.2, chenye ncha nene za milimita 50, huwa kilo 20. Cha wanawake ni kilo 15 na ni chembamba kidogo mkononi. Vya mtaani vinaweza kuwa chochote. Chetu ambacho kila mtu alikuwa anakihesabu 20 kilisoma 17.8. Kuna jamaa alinuna siku tatu kwa sababu rekodi yake ya 100 ilishuka ikawa 97 na kitu. Mwache.

Kuanzia siku hiyo, tumia sahani zilezile kwa zoezi lilelile. Hata kama namba yako si kamili, tofauti kati ya juzi na leo itakuwa ya kweli, na hiyo ndiyo unayoihitaji.

Hatua ya pili: pata visahani

Kisahani ninachokisema ni sahani ya gramu 250, 500 au kilo 1. Vya kununua vipo, lakini kwa hapa Mwanza utatafuta sana madukani na bei inaweza kukukatisha tamaa. Mimi nilienda kwa fundi.

Kwanza jua unahitaji vingapi. Kama sahani yako ndogo ni ya 2.5, kila upande unahitaji kimoja cha robo, viwili vya nusu, na kimoja cha kilo. Kwa hivyo vinne unaweza kupata kila hatua ya robo kilo mpaka 2.25, kisha unavua vyote na kuweka sahani ya 2.5. Pande mbili ni visahani vinane. Kama jimu ina sahani za 1.25, unahitaji vichache: kila upande viwili vya robo na kimoja cha nusu.

Vipimo vya kumpa fundi wa kerezo, kwa chuma chenye ncha ya milimita 50 (tundu liwe milimita 52 lipite bila kugombana):

Gramu 250: bati la chuma la unene wa milimita 6, upana wa duara sentimita 9.7.
Gramu 500: unene wa milimita 10, upana sentimita 10.4.
Kilo 1: unene wa milimita 10, upana sentimita 13.8.

Hesabu hizi zinatokana na uzito wa chuma, gramu 7.85 kwa sentimita moja ya ujazo. Kama chuma chako ni chembamba, tundu litakuwa dogo na duara litapungua. Mwachie fundi akate kubwa kidogo kisha asage huku mnapima mpaka mizani iseme sawa. Nenda na mizani yako. Usimwachie kazi ukaenda kunywa chai. Fundi wangu alikishika kisahani cha kwanza, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Kaka, hii washa ya tela gani?" Nilipomwambia ni ya kubebea vyuma jimu, aliniangalia mikono, akaangalia kile kidude cha robo kilo, akanyamaza. Alikuwa mstaarabu.

Akishamaliza mwambie apige msasa kingo. Kingo za bati lililokatwa zinachana vidole.

Kama huna hela ya fundi, njia za kuanzia ni hizi. Maji ndiyo bora kuliko yote: nusu lita ni nusu kilo, iwe ya dukani au ya ziwani. Chupa mbili za nusu lita, moja kila upande, zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ulioviringishwa mara nyingi, zinakupa kilo 1. Kwa robo kilo, mimina nusu chupa, lakini maji yakicheza ndani utayasikia. Jaza mchanga mkavu badala yake na upime. Mnyororo mkuukuu wa pikipiki, uliosafishwa grisi na kukatwa vipande viwili vyenye uzito sawa, unaviringika vizuri kwenye ncha ya chuma. Washa kubwa na nati kutoka kwa wauza skrepa nazo zinafaa. Kipo kitu kimoja nisichokipenda: kufunga mawe kwa kamba. Jiji letu lina mawe kila kona na kishawishi kipo, ila jiwe linateleza, na likianguka litaanguka kwenye mguu wa mtu.

Chochote unachotumia, kiwe sawa pande zote, kikae nje ya sahani kubwa, na kibanwe kwa kibano kisisogee.

Hatua ya tatu: rudi nyuma kidogo

Hapa watu wananikatalia. Chukua mzigo unaouweza kwa marudio 5 safi, yaani bila kukunja mgongo, bila kurusha kwa magoti, bila mtu kukushikia. Punguza asilimia 10. Anzia hapo. Mimi kwenye kilo 40 nilirudi 36.

Kurudi kunakupa wiki kadhaa za kushinda kila siku, na kunaipa kano nafasi. Tena unapata muda wa kurekebisha unavyosukuma kabla mzigo haujawa mkali. Jimu nzima ilidhani nimeumia. Bondia mmoja mstaafu anayekuja pale alfajiri, tunamwita Babu, ndiye pekee hakuuliza. Alisema tu, "Kijana, umeanza kuhesabu."

Hatua ya nne: jua hatua yako

Kanuni yangu ni kugawanya mzigo kwa 40. Jibu ndilo ongezeko kubwa unaloruhusiwa. Unasukuma 20? Nusu kilo. Unasukuma 40? Kilo 1. Kwenye 60, kilo 1 na nusu. Kwenye 100, kilo 2.5, na hapo sahani za kawaida za 1.25 zinatosha, huna haja na visahani.

Hiyo ni dari, wala hulazimiki kuigusa. Mimi kwa 36 ningeweza kuongeza karibu kilo, lakini nilikuwa nimekwama muda mrefu, nikachagua nusu: robo huku, robo kule. Siku ya kwanza 36, ya pili 36.5, ya tatu 37. Kwa hesabu hiyo ningegusa 45 siku ya 19.

Kwa skwati (kuchuchumaa na chuma mgongoni) na dedilifti (kuinua chuma kutoka chini), mtu mpya asihangaike na visahani kabisa. Miguu na mgongo ni misuli mikubwa. Mwanzoni inapokea 2.5 mpaka 5 kila mara. Kumwekea kijana wa miaka 22 nusu kilo kwenye skwati ya kilo 40 ni kumpotezea miezi. Visahani ni vya kusukuma juu ya kichwa, benchi (kusukuma ukiwa umelala chali), kuvuta kwa kuinama na mazoezi ya mikono, na kwa wenye miili midogo, wanawake na watu wazima wanaoanza ukubwani, ni vya karibu kila kitu.

Ratiba

Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kwa kupokezana vipindi viwili.

Kipindi A: skwati seti 3 za marudio 5 (unafanya mara 5, unapumzika, mpaka zitimie awamu tatu), benchi seti 3 za 5, kuvuta chuma kwa kuinama seti 3 za 5.
Kipindi B: skwati seti 3 za 5, kusukuma juu ya kichwa seti 3 za 5, dedilifti seti 1 ya 5.

Wiki hii ni A, B, A. Ijayo ni B, A, B. Maana yake kila zoezi la mikono linakuja mara tatu kwa wiki mbili. Pumzika dakika 3 kati ya seti nzito, 5 ukiona bado unahema. Watu wa jimu za uani hatupendi kupumzika, tunaona kama uvivu, na kumbe seti ya tatu inakufa kwa sababu ya haraka.

Kabla ya seti za kazi, pasha: chuma kitupu marudio 10, kisha nusu ya mzigo marudio 5, kisha robo tatu marudio 3. Visahani havihitajiki kwenye kupasha.

Sheria ya kuongeza ni moja: ukimaliza 5, 5, 5 safi, siku ijayo ya zoezi hilo unaongeza hatua yako. Ukipata 5, 5, 4, unarudia mzigo uleule. Usiongeze kwa sababu unajisikia vizuri, wala usiruke hatua mbili kwa sababu wenzako wanatazama.

Na andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, zoezi, mzigo, marudio ya kila seti, na neno moja la hali. Langu linasomeka hivi: "Juu ya kichwa, 38.5: 5, 5, 5. Nyepesi." "39: 5, 5, 5. Sikulala, meli ilichelewa." "41.5: 5, 5, 4. Sikula mchana." Bila daftari, nusu kilo haikumbukiki. Kichwa kinakumbuka 40 na 45, hakikumbuki 41.5.

Ukikwama

Utakwama. Kilo moja kwa wiki ingekuwa kilo 52 kwa mwaka, na hakuna bega linaloendelea hivyo. Hesabu ya karatasi inakwenda mbali kuliko mwili. Kisahani kinachelewesha ukuta tu, na kukufanya uufikie ukiwa na nguvu zaidi.

Mimi nilikwama 43.5. Siku ya kwanza 5, 4, 4. Siku ya pili 5, 5, 4. Hiyo ni dalili nzuri, inapanda, nikarudia. Siku ya tatu 5, 4, 3. Ukishindwa mara tatu mfululizo kwenye mzigo uleule, toa asilimia 10 na upande tena. Nilirudi 39, nikapanda kwa kilo 1 kila mara mpaka 43, kisha nikarudi kwenye nusu. Safari hii 43.5 ilipita bila hata kunikumbusha kwamba tuliwahi kugombana. Kilo 45 nilizisukuma mara tano, seti tatu, wiki kadhaa baada ya tarehe niliyokuwa nimeipiga kwa hesabu.

Ukirudi nyuma mara mbili na bado ukuta ni uleule, sasa ongeza kwa wiki badala ya kila kipindi. Siku moja ya wiki iwe nzito, ambapo kisahani kinaongezwa. Siku nyingine fanya asilimia 80 hadi 85 ya mzigo huo, kwa utulivu. Nusu kilo kwa wiki ni polepole, lakini ni mara nyingi zaidi ya sifuri ya miezi yangu mitano.

Kabla ya hayo yote jiulize kuhusu usingizi na chakula. Kipimo kinachotumika sana kwa anayejenga misuli ni kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Kwetu kando ya ziwa hili halipaswi kuwa tatizo: dagaa wakavu, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, kwa hiyo gramu 100 tu zinakupa nusu ya mahitaji yako. Ila nunua waliokaushwa juu ya kichanja au wavu. Waliokaushwa chini wanakuja na mchanga, na nakuambia kama mtu wa mizani, mchanga huo umeulipia bei ya dagaa.

Kama huna visahani kabisa

Panda kwa marudio. Kaa kwenye mzigo mmoja, ongeza rudio moja moja, ukifika mbali ndipo uruke sahani. Swali ni kufika wapi. Kanuni ya Epley inasaidia: gawanya marudio kwa 30, jumlisha 1, kisha zidisha jibu kwa mzigo, unapata makadirio ya kilo unazoweza kunyanyua mara moja. Kilo 40 kwa marudio 5 ni kama 46.7. Kilo 45 kwa marudio 5 ni 52.5. Ili ufike huko ukiwa bado na 40, unahitaji marudio 9 mpaka 10. Kwa hiyo mwenye sahani za 2.5 tu asijaribu 45 mpaka asukume 40 mara 9 au 10. Ningelijua hili mapema, ile miezi mitano ingekuwa miwili.

Kwa dambeli (chuma kifupi cha mkono mmoja) shida ni kubwa zaidi, kwa sababu kutoka kilo 10 kwenda 12.5 kila mkono ni robo nzima. Kama ni za chuma, nenda kwa fundi redio akuuzie sumaku za spika kubwa zilizokufa. Pima mbili zinazolingana, moja kila dambeli, zinashika zenyewe. Bado zifunge kwa mpira wa tyubu. Kwa mazoezi ya kulala chali, ambapo dambeli inapita juu ya uso, usitumie sumaku. Funga kifuko cha mchanga cha nusu kilo kwenye kifundo cha mkono.

Anayejivuta kwenye mti au nguzo anavaa begi la mgongoni na chupa za nusu lita. Chupa moja wiki hii, mbili ukiweza 5, 5, 5. Begi libane mgongo. Likining'inia linakuvuta nyuma.

Usalama, kwa kifupi

Usifanye benchi peke yako. Kama hakuna mtu, sukuma ukiwa umesimama. Skwati iwe na vizuizi vya pembeni au watu wawili. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, ngiri, au mjamzito, aongee na daktari kwanza. Maumivu ya kiungo yanayozidi siku hadi siku hayatibiwi kwa kisahani. Simamisha zoezi hilo. Na katika jimu za wazi zisizo na paa, chuma cha saa nane mchana kinaunguza kiganja. Njoo alfajiri au jioni.

Kuvitunza

Visahani vipake rangi ya mafuta, la sivyo unyevu wa ziwa utavila kutu ndani ya msimu mmoja, na kutu likidondoka uzito nao unabadilika. Vipime tena kila baada ya miezi sita. Usiviache jimu. Nilivyoviacha mara ya kwanza, vile vya robo kilo nilivikuta mtaa wa pili, watoto wamevifanya magurudumu ya gari la boksi, na moja lilikuwa limeshauzwa kwa mtu wa skrepa. Sasa vyote vinane vinakaa kwenye soksi nene, soksi inakaa kwenye begi pamoja na daftari. Babu naye ameanza kuniazima vile vya nusu kilo siku za Ijumaa, na ananirudishia vimefutwa.